Maswali ya Jikoni: Teriyaki ya Kurowekea na Teriyaki ya Kupaka

Barua za safari hii kuhusu teriyaki, upishi wa Kijapani wa nyama au samaki kwa sosi tamu ya soya, zinaonekana kuuliza mambo mbalimbali. Mmoja nyama yake imeungua, mwingine sosi imemganda mabonge, wa tatu chumvi imemzidi. Tulipoziweka pamoja tuliona kwamba nyingi zina chanzo kimoja: mpishi ametengeneza mchanganyiko mmoja na kuubebesha kazi mbili, kuroweka nyama kabla ya kuipika na kuipaka mwishoni ing'ae. Kazi hizo hazipatani. Mchanganyiko wa kurowekea unatakiwa uwe mwepesi, sukari iwe kidogo, na wanga usiwemo hata chembe. Sosi ya kupaka ndiyo inayotakiwa kuwa nzito na tamu. Majibu yetu mengi yanarudi hapo.

SWALI: Kabatini nina sosi ya soya, sukari, asali, siki, tangawizi, kitunguu saumu na konfulawa. Sina mirin (kileo kitamu cha mchele cha kupikia) wala sake (kileo cha mchele). Je, naweza kupata teriyaki ya kueleweka?

Unaweza, na itakuwa nzuri. Haitalingana kabisa na ile ya Japani, ambayo kwa kawaida ni sosi ya soya, mirin, sake na sukari, bila kitunguu saumu. Itafanana zaidi na teriyaki iliyokulia Hawaii na Marekani bara, ambako tangawizi, kitunguu saumu na hata nanasi viliingizwa. Mjini Seattle, kwa mfano, Toshihiro Kasahara alifungua mgahawa wake wa teriyaki mwaka 1976, na mtindo wa mji ule wa sosi tamu juu ya kuku wa kuchoma umeigwa sana tangu hapo. Kwa hiyo usione kwamba unapika kitu cha kubahatisha.

Vipimo vya sosi ya kupaka:

- sosi ya soya, mililita 120 (nusu kikombe)
- maji, mililita 120
- sukari ya kahawia, gramu 60 (vijiko vikubwa 5)
- asali, kijiko kikubwa 1
- siki ya mchele au ya tufaha, vijiko vya chai 2
- kitunguu saumu, punje 2 zilizopondwa
- tangawizi mbichi iliyokunwa, kijiko cha chai 1
- konfulawa, kijiko kikubwa 1, pamoja na maji baridi vijiko vikubwa 2 vya kuikorogea
- mafuta ya ufuta, nusu kijiko cha chai, ukiwa nayo

Chukua sufuria ndogo lakini yenye kina, kwa sababu sukari na soya zikichemka pamoja hutoa povu na kupanda ghafla. Tia kila kitu isipokuwa konfulawa na mafuta ya ufuta. Weka moto wa wastani, koroga mpaka sukari iyeyuke, kisha acha ichemke polepole kwa dakika 5 ili ukali wa kitunguu saumu upungue. Koroga konfulawa katika maji baridi pembeni hadi iwe kama maziwa, uimimine kwa mkondo mwembamba huku mkono wa pili ukikoroga sufuria bila kusimama. Ikianza kutokota tena, hesabu dakika 1 na uipue. Mafuta ya ufuta yaingie sasa, baada ya kuipua, kwani harufu yake hupotea motoni.

Utapata takriban robo lita, inayotosha kupaka kilo 1 ya nyama. Chovya kijiko, ukipitishe kidole mgongoni mwake: njia ya kidole ikibaki wazi bila kujifunga, sosi imefika. Usingoje iwe nzito kabisa motoni. Ikipoa itaongezeka uzito, na ile uliyoiona nzuri sufuriani itakuwa gundi mezani.

Neno kuhusu chupa yenyewe. Soma lebo. Sosi ya soya iliyochachushwa huorodhesha maji, soya, ngano na chumvi, na pengine kihifadhi. Ile inayotaja protini ya mboga iliyovunjwavunjwa na rangi ya karameli imetengenezwa kwa njia ya mkato ya tindikali, na ladha yake ni kali na ya upande mmoja. Kwenye sosi ambayo nusu yake ni soya, tofauti hiyo inasikika wazi. Nayo ile nyeusi nzito ya Kichina ni kitu kingine. Ni ya kutia rangi, na ukiijaza nusu kikombe sosi yako itakuwa chungu kidogo na nyeusi tii.

SWALI: Kila nikitia konfulawa inaganda mabonge. Nikifanikiwa kuikwepa, sosi inakuwa nzito halafu baada ya muda inarudi kuwa maji. Nakosea wapi?

Ni makosa mawili tofauti. Mabonge hutokea unga mkavu, au uliokorogwa kwa maji ya moto, unapogusana na sosi inayochemka. Chembe za nje huvimba papo hapo na kufunga ngozi, na unga wa ndani unabaki mkavu. Maji ya kukorogea lazima yawe baridi. Tena koroga upya sekunde chache kabla ya kumimina, maana wanga hutuama chini ya bakuli haraka sana, na ukimimina bila kukoroga, maji huingia na unga hubaki.

Kurudi kuwa maji kuna sababu nyingine. Wanga ukishavimba na kuikaza sosi, kuendelea kuuchemsha kwa nguvu na kuukoroga kwa fujo huzivunja zile chembe. Siki na juisi ya nanasi huharakisha uharibifu huo kwa asidi yake. Basi kila kinachohitaji kuchemka kwa muda kichemke kabla ya konfulawa kuingia. Yenyewe iwe ya mwisho, dakika 1 tu. Lakini usiipue kabla ya kutokota. Wanga wa mahindi hukaza kikamilifu karibu na nyuzi 95 za Selsiasi, na ukiuondoa mapema sosi itabaki nyepesi na yenye ladha ya unga mbichi.

Hakikisha pia kwamba unachotumia ni konfulawa, yaani wanga mweupe laini unaoteleza kidoleni, na si unga wa mahindi wa kawaida. Unga wa mahindi utakupa sosi ya chengachenga. Kama kuna unga wa ngano tu, tumia vijiko vikubwa 2 badala ya 1 na uchemshe dakika 3 hadi 4. Sosi itakuwa na ukungu, haitang'aa, lakini italika.

SWALI: Kuku wangu anaungua nje wakati ndani bado mbichi. Nimejaribu kikaango, oveni na jiko la mkaa. Matokeo ni yaleyale.

Hapa ndipo kazi mbili zinapogongana, na tutakaa kidogo.

Sukari ya kawaida huanza kugeuka karameli karibu na nyuzi 160. Sukari ya matunda, ambayo asali imejaa, huanza karibu na nyuzi 110 tu. Kikaango kilichopata moto au wavu juu ya mkaa hupita nyuzi 200 bila shida. Kuku mwenye mfupa anahitaji zaidi ya nusu saa aive. Ukimpaka sosi tamu tangu mwanzo, hakuna jiko litakalokuokoa: sukari itaungua muda mrefu kabla ya nyama kuiva. Ndiyo maana umebadilisha vyombo vitatu na matokeo hayajabadilika.

Dawa yake ni kupanga wakati. Rowekea mchanganyiko wenye sukari kidogo, futa nyama kabla ya kuipika, ipike mpaka ikaribie kuiva, halafu paka sosi tamu dakika za mwisho.

Mchanganyiko wa kurowekea gramu 500 hadi 600 za nyama ni huu: sosi ya soya vijiko vikubwa 4, maji vijiko vikubwa 4, sukari kijiko kikubwa 1, siki kijiko cha chai 1, mafuta ya kupikia kijiko kikubwa 1, punje 2 za kitunguu saumu zilizopondwa na kijiko cha chai 1 cha tangawizi. Hauchemshwi. Koroga mpaka sukari iyeyuke, basi. Usitie asali, wala konfulawa. Wanga mbichi haukazi chochote ukiwa baridi, unajishikiza kwenye nyama na kuungua mapema.

Ukiitoa nyama, iache ichuruzike, kisha ikaushe kwa karatasi ya jikoni na uondoe vipande vya kitunguu saumu vilivyonata. Watu huogopa kwamba wanafuta ladha. Ladha iliyokuwa iingie imeshaingia. Kinachobaki juu ni maji, ambayo yatafanya nyama ichemke badala ya kukaangika, na sukari, ambayo itaungua.

Kikaangoni, chukua mapaja yasiyo na mfupa, yenye ngozi. Tia kijiko cha chai cha mafuta, laza ngozi chini kwenye moto wa wastani dakika 6 hadi 8, usiyaguse, mpaka ngozi iwe ya kahawia. Geuza, funika, dakika 4 au 5 nyingine. Sasa mwaga mafuta yote yaliyotoka. Hatua hii hurukwa na wengi, nayo ni muhimu mno, kwa sababu sosi haishiki juu ya mafuta. Itateleza na kukusanyika chini. Ndipo umimine sosi, upandishe moto kidogo, ugeuzegeuze nyama ndani yake. Tazama mapovu. Mwanzoni ni madogo na ya haraka. Maji yakipungua yanakuwa makubwa, mazito, yanapasuka taratibu. Hapo ipua mara moja, kwani kutoka hatua hiyo hadi kuungua ni chini ya dakika.

Kwa njia hii ya kikaangoni huhitaji konfulawa kabisa, na sisi tunaipenda hivyo. Mng'ao wa kweli wa teriyaki unatokana na sukari na soya kukaukia juu ya nyama yenyewe. Wanga unatoa uzito, lakini mng'ao wake ni wa juujuu. Ukiwa na mirin na sake, vipimo vya kufuata kwa gramu 500 ni vijiko vikubwa 2 vya soya, 2 vya mirin, 2 vya sake na 1 cha sukari. Hivyohivyo unaweza kupika minofu ya samaki mwenye mafuta, na huko Japani samaki aitwaye buri ni maarufu sana kwa upishi huu. Samaki wa namna hiyo hana haja ya kurowekwa.

Ovenini, nyuzi 200, mapaja yenye mfupa huchukua dakika 35 hadi 40. Tandika karatasi ya alumini kwenye trei, la sivyo utakesha ukiisugua. Paka sosi mara ya kwanza dakika 10 kabla ya mwisho, mara ya pili dakika 5 kabla. Tabaka mbili nyembamba hung'aa kuliko moja nene, ambayo huchuruzika treini na kuungua huko.

Kwenye mkaa, sukuma makaa upande mmoja. Nyama iive upande usio na makaa, umefunika kama jiko lina mfuniko. Ihamishie juu ya makaa dakika 3 za mwisho tu, ukipaka na kugeuza bila kuondoka. Kokote upikiako, kipimajoto kikisoma nyuzi 74 katikati ya sehemu nene, pasipo kugusa mfupa, kuku ameiva.

SWALI: Niroweke kwa muda gani? Mara ya mwisho nilitia juisi ya nanasi bichi nikaacha usiku kucha, asubuhi nyama ilikuwa imelegea kama imeoza.

Haikuoza. Nanasi bichi lina kimeng'enya kiitwacho bromelaini ambacho hukata protini. Saa moja kinalainisha, usiku mzima kinageuza uso wa nyama kuwa rojo. Tumia juisi ya kopo au ya paketi, ambayo imepitishwa kwenye moto, au chemsha yako mwenyewe na kuipoza. Moto hukiua kimeng'enya hicho. Tangawizi mbichi nayo ina kimeng'enya cha aina hiyo, lakini kijiko kimoja cha chai hakina madhara kwa muda tunaoutaja hapa.

Kamba: dakika 15 hadi 30. Minofu ya samaki: dakika 20 hadi 30, kwani ikizidi chumvi huanza kuikaza na kuikausha. Kidari cha kuku saa 1 hadi 4. Mapaja saa 2 hadi 12. Nyama ya ng'ombe iliyokatwa vipande vyembamba inatosheka na dakika 30, kipande kinene saa 4 au zaidi. Tofu (maziwa ya soya yaliyogandishwa) ikamuliwe maji kwanza kwa kuilaza chini ya kitu kizito dakika 20, ndipo irowekwe nusu saa. Isipokamuliwa imeshajaa maji na haina nafasi ya kunywa kingine.

Zaidi ya hapo huongezi ladha, unaongeza chumvi. Chumvi ndiyo inayosafiri ndani ya nyama, tena polepole; kitunguu saumu, tangawizi na sukari hubaki milimita chache tu kutoka juu. Ukitaka ladha ienee zaidi, kata nyama vipande vidogo au ichanje, maana hapo unaongeza uso.

Roweka ndani ya friji, katika bakuli la kioo au mfuko wa plastiki wa chakula. Sufuria ya alumini tupu haifai, kwa vile chumvi na asidi huila na kuacha ladha ya chuma.

SWALI: Je, ule mchanganyiko niliorowekea nyama naweza kuufanya sosi ya mezani?

Ukishagusa nyama mbichi, uuhesabu kuwa mbichi nao. Unaweza kuutumia ukiuchemsha vizuri, mapovu yakipanda sufuria nzima kwa dakika kadhaa, na kuuchuja, kwa sababu damu na protini zitaganda kuwa povu la kijivu. Lakini tunakushauri uchukue njia rahisi zaidi: kabla ya kutia nyama, toa sehemu yako ya mezani na uiweke kando. Na brashi iliyopaka nyama mbichi isirudi kwenye bakuli la sosi iliyoiva.

SWALI: Sosi yangu ni chumvi tupu, nimeongeza sukari lakini haisaidii.

Sukari haiondoi chumvi, inaifunika kidogo tu, na ukizidisha utakuwa na kitu chenye chumvi na utamu kupita kiasi kwa wakati mmoja. Kinachopunguza chumvi ni maji. Ongeza mililita 60 za maji, kijiko kikubwa 1 cha sukari na matone ya siki, onja, rudia ikibidi. Kama imekuwa nyepesi, kijiko cha chai kimoja cha konfulawa kilichokorogwa kwa maji baridi kitairudisha.

Chanzo chake mara nyingi ni kukausha. Maji yanatoka kwa mvuke, chumvi inabaki yote. Sosi iliyokuwa na chumvi ya sawasawa ikiwa kikombe kizima itakuwa na makali maradufu ikifika nusu kikombe. Anayetaka kuikausha sana aanze na sosi ya soya yenye chumvi pungufu, au apunguze soya na kuongeza maji tangu mwanzo. Jihadhari pia na soya nyepesi ya Kijapani iitwayo usukuchi. Rangi yake ni hafifu, watu hudhani chumvi yake pia ni hafifu, kumbe inaizidi ile ya kawaida. Na nyama iliyorowekwa kwenye soya isitiwe chumvi nyingine.

SWALI: Nyumbani kwetu hatutumii kileo. Mapishi mengi yanataka mirin, nifanyeje?

Mirin halisi ina kileo cha takriban asilimia 14, na kuichemsha dakika chache hakukiondoi chote. Badala ya kila kijiko kikubwa 1 cha mirin, tia kijiko kikubwa 1 cha maji na kijiko cha chai 1 cha sukari. Badala ya sake tia maji matupu, na matone machache ya siki ya mchele kwenye sosi nzima ili isipoe mdomoni. Zipo pia chupa zinazoitwa za mtindo wa mirin zenye kileo chini ya asilimia 1. Soma lebo ili uamue. Kwa wanaojihadhari kabisa, ni vyema mjue kwamba sosi ya soya iliyochachushwa huwa na kiasi kidogo cha kileo kinachozaliwa na uchachu wenyewe, na baadhi ya watengenezaji huongeza kidogo ili isiharibike. Zipo zilizotengenezwa mahsusi kwa wasiotaka hilo, nazo huandikwa hivyo kwenye chupa.

SWALI: Mwanangu hapatani na ngano. Konfulawa naijua, haina ngano. Je, sosi ya soya?

Sosi ya soya ya kawaida hutengenezwa kwa soya na ngano, hivyo haimfai. Tafuta tamari, aina ya sosi ya soya ya Kijapani, lakini ile iliyoandikwa wazi kwamba haina gluteni (protini ya ngano), kwa kuwa baadhi ya tamari hutiwa ngano kidogo. Tamari ni nzito na ladha yake ni ya ndani zaidi. Ongeza vijiko vikubwa 2 vya maji kwenye vipimo vyetu. Kama tatizo ni soya yenyewe, kuna sosi ya utomvu wa mnazi, tamu kiasi na chumvi yake ndogo, ambayo inataka upunguze sukari kwa nusu.

SWALI: Inakaa muda gani kwenye friji, na je, inagandishika?

Inategemea ulichotia. Sosi ya soya, mirin, sake na sukari pekee, iliyochemshwa na kutiwa ikiwa ya moto kwenye chupa iliyooshwa na kukaushwa, hukaa wiki 3 hadi 4. Yenye kitunguu saumu na tangawizi mbichi iishe ndani ya wiki 1. Ukiona povu ambalo hukulikoroga, au harufu ya uchachu, mwaga. Chota kwa kijiko safi kila mara. Kijiko kilichogusa nyama kikirudi chupani, hesabu hiyo ya siku haina maana tena.

Kwenye friza, sosi yenye konfulawa haifai. Wanga ukigandishwa na kuyeyushwa huachia maji yake, na utakuta uji chini na maji juu. Gandisha sosi kabla ya kuikaza, kwenye vitrei vya barafu, miezi 3. Kila kipande cha mililita 30 ni vijiko vikubwa 2. Vipande vinne vinatosha kupaka nusu kilo ya nyama, na nusu kijiko kikubwa cha konfulawa kilichokorogwa kwa kijiko kikubwa kimoja cha maji baridi kitavikaza siku hiyohiyo ya kupika.